Nyumba za kwenye simu zipite kwanza kwa sheha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikosesha usingizi tangu Shaaban.

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Mwanakwerekwe, kazi niliyoianza 2003. Asubuhi moja nilikuwa barazani kwangu nikaona binti anakuja na begi kubwa na godoro limefungwa kamba. Alikuwa ameshuka boti Malindi alfajiri ile akitokea Pemba, amekuja kusomea uuguzi. Alikuwa amekwisha kukodi nyumba Kisauni kwa simu: chumba na ukumbi, choo ndani, kodi ya miezi mitatu, shilingi 450,000, ameituma kwa mtandao wa simu. Kufika pale akakuta kamba ya nguo imejaa, watoto wanakunywa chai ukumbini, wenyewe hawana habari. Mwenye duka la jirani ndiye aliyemwelekeza kwangu.

Akanionyesha picha aliyotumiwa. Nilipoiona mwili ulininyong'onyea. Baskeli iliyoegemea ukutani ni yangu, na ile kamba ya kijani kwenye keria niliifunga kwa mkono wangu. Picha ile niliipiga mimi, miaka miwili nyuma, nikaitia kwenye kundi letu la WhatsApp la madalali. Nyumba ikapata mtu wiki ile ile, nami picha nikaisahau. Mtu kaiokota, kaiwekea namba yake, kamla mtoto wa watu.

Zamani nyumba ilitafutwa kwa miguu na masikio. Unakaa kwenye kahawa unasikia fulani anahamia Oman na familia yake, unapita kumuuliza kama nyumba itabaki tupu. Mpangaji alikuwa ananiona mimi, anaiona nyumba na mwenye nyumba, na yote siku moja. Siku hizi picha inatangulia, mimi nafuata nyuma, na mwenye nyumba wakati mwengine haonekani mpaka siku ya kugombana.

Simu siichukii. Mwaka jana bwana mmoja wa Chake Chake aliangalia nyumba kumi na mbili usiku mmoja akiwa kitandani kwake, akapanda boti kuja kuona mbili tu. Nauli aliyoiokoa ninaijua. Na wanawake, ambao zamani iliwalazimu kuzunguka mitaa na dalali wasiyemjua, sasa wanauliza kila kitu kwanza, na mimi nawajibu.

Lakini picha ina mengi isiyoyasema. Simu za sasa zinakipanua chumba. Unakiona ukumbi mkubwa kumbe kitanda cha tano kwa sita kikiingia, mlango haufunguki. Haikwambii kama maji ya mfereji yanafika au utachota kisima cha jirani. Na ukipiga picha wakati wa kaskazi, Sebleni, mtaa wa bondeni unaojaa maji masika, inapendeza kama kwengine kote. Mimi kabla sijamwonyesha mtu nyumba ya bondeni huinama nikatazama chini ya ukuta, maana maji ya masika huacha mstari hata ukipaka chokaa mara tatu.

Tena watu wana haraka, na sababu ipo. Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 ikatukuta 1,889,773. Mji Mkongwe nako nyumba zinatoka mikononi mwa wapangaji. Mbili za Malindi nilizokuwa nikizitafutia watu wa mwezi sasa zimo Airbnb, zinalipwa kwa usiku, kwa dola. Mwenye nyumba ana haki na mali yake, lakini familia zilizotoka humo zimekuja Fuoni na Tomondo kugombania vyumba na waliokuwepo. Ndiyo maana mtu akiambiwa "tuma sasa, kuna wengine watatu wanaitaka", anatuma. Binti yule aliliona jina la mpokeaji kwenye simu kabla hajathibitisha, na halikuwa la mtu aliyezungumza naye. Akaambiwa ni la mdogo wake.

Ninaloliomba ni hili. Kila shehia, yaani eneo dogo la utawala hapa Zanzibar, ina sheha, kiongozi wake wa serikali, na sheha ana daftari la wakaazi wake. Mgeni akihamia atakwenda kwake tu, kwa sababu siku akitaka barua ya utambulisho hana pengine pa kuipata. Basi kwa nini tumwendee baada ya pesa kutoka? Tangazo lolote la nyumba litaje shehia, na namba ya simu ya sheha ibandikwe mlangoni kwake na itangazwe, ili mtu aliye Wete au Mkoani aweze kupiga na kuuliza: nyumba hii ipo wazi? Mwenyewe ni nani? Pesa ilipwe mbele ya sheha, kwa maandishi, ufunguo ukiwa mezani. Najua masheha wana kazi nyingi, lakini swali la dakika mbili ni jepesi kuliko kesi. Na aliyekwisha kutapeliwa asinyamaze kwa aibu. Ujumbe wa tapeli autume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na namba iliyomwandikia, kisha aende polisi.

Binti tumempatia chumba Tomondo, kwa mama mmoja mjane, tukaandikiana kwa sheha. Ile kodi ya mwezi mmoja ambayo ni haki ya dalali sikuichukua. Zile 450,000 hazijarudi mpaka leo. Baba yake alizipata kwa karafuu.

Kwa madalali wenzangu: nyumba ikishapata mtu, futeni picha. Mimi usiku ule nilikaa na mwanangu tukafuta sitini na tatu, moja baada ya moja. Zilizokwisha kuchukuliwa na watu kutoka kwenye makundi sina namna ya kuzifikia, na baskeli yangu imo katika nyingi.

Dalali wa nyumba,
Mwanakwerekwe, Unguja