Nyumba ya kale ikaguliwe kuanzia chini

Mhariri,

Wanaohama jiji na kununua nyumba katika miji midogo ya kale iliyo pembezoni huvutwa na milango na paa, wakalipa arubuni kabla hawajagusa ukuta. Waanzie ukutani, tena chini.

Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa ni laini, hupitisha unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini hupenya nje yakakauka. Ukipiga lipu ya saruji juu yake, maji hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na tofali humeguka tabaka kwa tabaka. Ndiyo maana rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini pekee inanitia shaka kuliko ukuta uliochakaa. Gonga kwa kifundo cha kidole: palipo na mlio wa uwazi, lipu imeachia. Rekebisha kwanza mifereji ya paa, ondoa udongo uliorundikana nje ya ukuta, kisha bandua saruji na urudishe chokaa. Ukuta mnene huchukua miezi kukauka, hivyo fundi anayetaka kupaka rangi wiki ijayo mwambie asubiri.

Ufa mwembamba kama unywele ni wa kawaida. Unaozidi milimita 5 muonyeshe mhandisi. Dunga ncha za boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani, maana uozo huanzia hapo. Fungua bomba mbili kwa pamoja: maji yakidhoofika sana, huenda kutu imeziba mabomba ya chuma. Bomba la kijivu lisiloshikwa na sumaku, ambalo ukilikwangua hung'aa kama fedha, yaelekea ni la risasi, metali yenye sumu, na hilo lazima ling'olewe.

Kinachowaumiza wengi zaidi ni vibali. Katika eneo la uhifadhi wa majengo ya kale, mara nyingi huwezi kubadili madirisha, paa, pengine hata rangi ya nje, bila idhini. Mtake muuzaji atoe kibali cha kila badiliko lililofanywa, ukilinganishe na kumbukumbu za halmashauri. Kama aliweka madirisha ya alumini kimyakimya, amri ya kuyaondoa inaweza kukuangukia wewe mwenye hati mpya.

Pia safiri kutoka hapo hadi kazini asubuhi ya siku ya kazi, si Jumapili anayokupangia dalali.

Mkaguzi wa majengo