Postikadi za kale zisomwe na mgongoni

Mhariri,

Msimu wa matamasha ukifika, magazeti huchapisha upya postikadi za kale za Unguja: mwanamke aliyejifunga kaniki na mtungi kichwani, au wachambuaji wa karafuu wameketi mkekani. Chini huandikwa "vazi la asili la Mswahili", basi. Tunaomba kadi hizi zichunguzwe kwanza.

Aanze mtu na mgongo wa kadi. Uingereza iliruhusu ujumbe kuandikwa mgongoni, upande wa anwani, mwaka 1902, Ujerumani mwaka 1905. Kadi ya Kiingereza yenye mstari unaogawa mgongo kati ya ujumbe na anwani haikuchapwa kabla ya 1902. Hata hivyo, huo ni umri wa kadi, si wa picha. Studio kama ya Gomes au ya Coutinho, Wagoa waliopiga picha Unguja, ingeweza kutoa kadi mpya kwa negativu (kioo au filamu ya picha ya awali) ya miaka mingi nyuma. Karibu na miaka hiyo sheria iliacha kuutambua utumwa Unguja (1897), na kaniki, nguo ya watumwa na ya kazi za sulubu, ikazidi kuipisha kanga. Ukikosea miaka kumi, umemwita mtumwa muungwana, au muungwana mtumwa.

Rangi ndizo zinazopotosha zaidi. Picha ilipigwa nyeusi na nyeupe. Rangi ziliongezwa baadaye, mara nyingi kiwandani Ulaya, na mtu asiyewahi kuiona nguo yenyewe. Kisutu, aina ya kanga ambayo bibi zetu wote wanaijua kwa wekundu, weupe na weusi wake, kinaweza kutoka cha kijani. Aminini pindo, mji (sehemu ya katikati ya kanga), na namna nguo ilivyofungwa chini ya kwapa. Msiandike lolote kuhusu rangi. Kanga ikiwa na maandishi ya herufi za Kiarabu, yasomeni: yakisomeka kinyume, negativu iligeuzwa, na mkono wa kulia mnaouona ni wa kushoto.

Nakala mpya zinazouzwa kama za kale hugundulika kwa kioo cha kukuza mara 10. Kadi ya kolotaipu, yaani iliyochapwa kwa njia ya kale ya bamba la jelatini, huonyesha vikunjo vidogo vilivyosokotana, bila nukta; nakala ya printa ya kompyuta hunyunyiza vitone vya samawati, waridi na njano. Pimeni pia: kadi nyingi za wakati ule ni sentimita 9 kwa 14.

Wenye kadi halisi wasizitie laminesheni wala gundi ya utepe, maana gundi hugeuka njano na kuchuna karatasi ikibanduliwa. Picha iliyochapwa kwenye karatasi ya fotografia isigusane na kioo cha fremu. Kwa unyevu wa pwani hunata, na ikivutwa uso hubaki kiooni. Iwekewe kadibodi isiyo na asidi, yenye dirisha, kati yake na kioo.

Na mkiichapisha, chapisheni na mgongo wake, pamoja na stempu na muhuri wa posta.

Wakusanyaji wa picha za kale,
Unguja