Mzazi anayepiga naye aulizwe

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliandika humu kwamba mzazi anayemuumiza mwanawe achapwe hadharani, kisha afungwe. Mimi ni mmoja wa wazazi hao. Nashona nguo, nina watoto watatu. Miaka minne iliyopita nilimpiga wa pili, akiwa na miaka tisa, kwa waya wa pasi mpaka mgongo ukachanika. Nilimtuma dukani akapoteza shilingi elfu tano. Lilikuwa rejesho la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, na mdai alishakaa kwenye benchi langu tangu asubuhi.

Si udhuru. Mtaani kwetu akina mama kibao wanadaiwa na hawashiki waya.

Jirani alipiga 116, ile namba ya bure ya kusaidia watoto. Nilimnunia mwaka mzima. Leo ndiye ninayemwachia funguo. Polisi wakanisomea Sheria ya Mtoto ya 2009, nikalala ndani siku mbili. Nilitoka na woga tu. Mwezi uleule nikaanza kumfinya mtoto mahali pasipoonekana.

Aliyenigeuza ni ofisa ustawi wa jamii, binti mdogo kwangu kwa umri, aliyekuja nyumbani Alhamisi nane mfululizo. Siku ya kwanza alinisaidia kushona vifungo, basi. Siku ya tatu akauliza, "Dada, wewe ulikuwa unapigwa na nani?" Nikamjibu: shangazi, kwa ubapa wa panga. Kisa hicho nilizoea kukisimulia watu wakavunjika mbavu. Siku ile kicheko hakikuja.

Akanieleza kwamba mtoto wa miaka tisa husahau na kupoteza vitu, wala si jeuri. Akaniambia mkono ukiniwasha nitoke nje kwanza, nishike kazi yoyote. Basi majirani wakiniona nakwenda bombani na ndoo iliyojaa, wanaelewa. Mtoto naye anaelewa, ingawa nikinyanyua mkono kuchukua mkasi rafuni bado anakwepa.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao sasa ni wazazi wenzangu. Msomaji wako ana viboko vingapi?

Sisemi polisi wasiitwe. Mimi bila ile simu ningeua. Ila mtu akitoka mahabusu anarudi kwenye nyumba ileile, mtoto yuleyule, deni lilelile, na hapo ndipo anapohitaji wa kumgongea mlango.

Yule dada alikuwa akizunguka kata tatu kwa bodaboda, nauli yake mwenyewe. Wakubwa wanaosoma barua hii wampe pikipiki na mafuta. Alhamisi ya tisa nilichemsha chai ya watu wawili, hakuja.

Fundi cherehani,
Mkoa wa Morogoro
(Jina nimelificha kwa ajili ya mtoto)