Kwa Nini Gunia Moja Lina Bei Nne

"Mwanangu, umeniibia." Mama mmoja aliniambia hivyo Jumatatu iliyopita, wateja wengine wakisikia, hapa kwenye yadi yetu ya chuma chakavu na plastiki Dar es Salaam. Alileta gunia la kilo 43. Nyumbani walimwambia ndani mna shaba, basi njia nzima alikuwa akipiga hesabu ya shaba. Tulipolimwaga chini, shaba ilikuwa kilo 2 na nusu. Kilichobaki ni vipande vya nondo, misumari, sufuria za alumini zilizotoboka, feni ya mezani iliyoungua na koki za sinki.

Lawama kama hii naisikia karibu kila wiki, na inaniuma. Mzani wetu unakaguliwa na Wakala wa Vipimo, na stika yake iko mbele ambapo kila mtu anaiona. Ila mzani unajua kilo tu. Haujui kilichomo ndani ya gunia. Anayejua ni yule anayechambua, na kazi ya kuchambua ndiyo inayoamua mteja anaondoka na shilingi ngapi.

Tunaanza na sumaku. Inachokamata ni chuma, na chuma ndiyo bei ya chini kabisa. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mtu ananunua kasumaku, anapitisha kwenye mzigo wake, halafu kila kilichokataa kunaswa anakiita shaba. Alumini hainaswi. Risasi, ile ya kwenye betri za gari, hainaswi. Zinki hainaswi. Hata stenlesi, sufuria moja inanaswa na nyingine inakataa, kwa sababu zile zenye nikeli nyingi kwa kawaida hazivutwi na sumaku. Sumaku inakuambia kisicho chuma cha kawaida, basi.

Baada ya sumaku inakuja tupa. Koki za yule mama zote zilikuwa zinang'aa, zimepakwa kromu. Nilikwangua ya kwanza, ikatoka njano: hiyo ni shaba njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, nikaiweka kando. Ya pili ikatoka kijivu. Ni zinki iliyochanganywa na alumini kidogo, ikamiminwa kwenye kalibu na kupakwa kromu, na ukiitazama dukani hutaona tofauti yoyote. Mama hakuamini. Nikachukua mzani mdogo na ndoo ya maji, kama ninavyomfanyia kila anayebisha.

Koki ilikuwa na gramu 680. Nikaifunga uzi, nikaizamisha ikining'inia bila kugusa ndoo, mzani ukasoma 577. Zilizopungua ni gramu 103, na huo ndio uzito wa maji yaliyopisha koki. Gawa 680 kwa 103, unapata 6.6, yaani koki ni nzito mara 6.6 kuliko maji ya ujazo uleule. Shaba njano ingetoa karibu 8.5, na shaba nyekundu karibu 9. Chuma ni 7.9, alumini 2.7, risasi 11.3. Namba hizo haziongopi, ilimradi hewa yote imetoka ndani ya koki na vipande vya plastiki vimeng'olewa. Mama alitazama mzani, akanyamaza, kisha akauliza, "Na hii feni?"

Feni ilikuwa na habari mbaya zaidi. Waya wa mota unapakwa vanishi yenye rangi ya shaba, hata ukiwa alumini tupu. Nilikwangua kwa kisu, ukatoka mweupe. Feni nyingi za bei nafuu zinazofika hapa ziko hivyo.

Sasa niseme kuhusu kuchoma nyaya, kwa sababu ndiyo njia ya mkato inayowatia watu hasara kubwa kuliko zote. Kumenya kwa kisu kunachosha, nalielewa hilo. Vijana wawili walipata kebo kama kilo 9, wakaichoma usiku wakitegemea kuja na shaba safi. Kumbe ilikuwa alumini iliyofunikwa shaba nyembamba kama ganda la kitunguu. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660 na moto wao ulifika hapo. Asubuhi waliniletea mabonge meusi yaliyochanganyika na majivu, na sikuwa na bei ya kuwapa. Wangemenya tu, ningewapa bei ya alumini. Hata shaba halisi ikichomwa inakuwa nyeusi na kushuka daraja. Tena ule moshi ni sumu: ganda la waya ni plastiki iitwayo PVC, na likiungua linatoa asidi inayokereketa mapafu, na nyumba za jirani zina watoto.

Kwenye plastiki lawama ni zilezile. Chupa za maji za nusu lita zinahitajika zaidi ya 50 ndipo kilo moja itimie, kwa hiyo wengine wanaacha maji ndani, au mchanga. Kiroba kimoja kilisoma kilo 18. Tukamwaga, kikasoma 11. Aliyekileta alikasirika kana kwamba mimi ndiye niliyeyatia yale maji, wakati muda wa kufungua chupa moja moja ulikuwa wa vijana wangu, na hakuna aliyewalipa.

Vifuniko ni plastiki nyingine kabisa. Vikatekate uvitie kwenye maji: kifuniko kinaelea, chupa inazama. Kiwandani wanavitenganisha hivyo hivyo, kwenye matangi. Shida ni PVC, ile ya ganda la waya na mabomba ya maji, maana nayo inazama pamoja na chupa na maji hayawezi kuitoa. Chupa inayeyushwa kwa nyuzi zaidi ya 250, na PVC haivumilii joto hilo. Inaungua, inatoa asidi, inaacha madoa meusi kwenye plastiki nzima. Kipande kidogo cha bomba la maji kilichojificha kwenye kiroba kinatosha kuufanya mzigo wangu wote urudishwe, na nauli ya kwenda na kurudi ni yangu.

Kwa hiyo ukiniletea mchanganyiko na hutaki kusubiri tuuchambue, nakupa bei ya kitu cha chini kabisa kilichomo. Hiyo naisema wazi na siionei aibu. Skrubu za chuma zikibaki kwenye sufuria za alumini, zile chuma zinaingia kwenye uji wa tanuri na alumini inatoka dhaifu, na mnunuzi wangu ananikata kwa hilo. Siwezi kumlipa mteja pesa ambayo mimi mwenyewe sitaipata.

Yule mama tulikaa naye saa nzima. Gunia lake likawa mafungu manne, na alichopata kilizidi nilichokuwa nimemtajia mara ya kwanza, ingawa hakikufika pale alipotarajia.

Sumaku, tupa, mzani mdogo na ndoo ya maji viko kwenye meza karibu na geti, hatutozi chochote kuvitumia. Chambua mwenyewe kabla hujapima. Betri za gari tu usizifungue wala kumwaga maji yake, maana ile ni asidi yenye risasi ndani. Zilete zikiwa nzima, zimesimama, vizibo vimekazwa.