Barua ya wazi kwa Gavana wa Mkoa wa Nara: mji mkuu umelala chini ya ule uwanja, linda maji yake

Mheshimiwa Gavana,

Salamu nyingi. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Osaka, na treni ya Kintetsu ndo inayonileta Nara kila nikipata nafasi. Naandika kwa Kiswahili maana nataka barua hii isomwe na ndugu zangu wa Bongo, Kenya na kwingineko wanaokuja pande za Kansai, na ofisini kwako naamini wa kukutafsiria hakosekani.

Ombi langu ni moja tu. Uwanja wa ikulu ya Heijo, ule mji mkuu wa Japani wa karne ya 8, msiujaze. Kabla hamjasimamisha jengo jingine la kuigiza la zamani au kushindilia njia nyingine ngumu pale, lindeni kwanza maji yaliyo chini yake, halafu wasaidieni wageni wauone mji wenyewe ulivyokaa.

Nasema hivi kwa sababu naona wageni wanavyofanya, na wa kwetu wakiwemo. Wanashuka stesheni ya Kintetsu Nara, wanapanda na barabara kwenda mashariki, wanalisha kulungu biskuti, wanaingia hekalu la Todaiji kumtazama yule Budha mkubwa wa shaba, picha mbili tatu, jioni wako Kyoto. Wakirudi nyumbani wanasema tumeuona mji mkuu wa kale wa Japani. Hawajauona. Walipotembea siku nzima ni pembeni kabisa, yaani kile kipande kilichochomoza upande wa mashariki mnachokiita Gekyo, ndiko yaliko mahekalu ya Kofukuji na Gangoji, na Todaiji yenyewe iko nje ya ukingo wa hicho kipande. Mji mkuu ulikuwa huku magharibi, na ikulu yake iko kama kilomita 4 kutoka kwa wale kulungu, na treni waliyopanda imewapitisha katikati yake wakiwa wanachezea simu.

Ukweli ni kwamba ukitazama nje unaona nyasi tu. Kushoto kama unatoka Osaka kuna Daigokuden, ule ukumbi wa enzi mlioujenga upya mwaka 2010 kwa kuadhimisha miaka 1300, kulia kuna Suzaku, geti kuu la ikulu, nalo mlilijenga upya mwaka 1998, na kati yake uwanja mpana mtupu. Mtu asiyejua anadhani ni sehemu iliyokosa matumizi. Ndo maana kila kizazi kinapata mtu wa kuja na wazo la kuutumia.

Hebu niwaeleze wasomaji wangu kidogo mji huu ulifikaje hapa. Malkia Genmei alihamisha makao makuu mwaka 710 kutoka Fujiwara, upande wa kusini wa bonde hilihili la Nara, ambako walikuwa wamekaa miaka 16 tu. Fujiwara kulikuwa na tatizo la ardhi, mteremko wake unashuka kuelekea kaskazini ambako ndiko ikulu ilikokaa, kwa hiyo wataalamu wengi wanasema maji machafu ya mji yalikuwa yanafuata kwa mfalme badala ya kumkimbia. Heijo wakageuza mambo. Ikulu wakaiweka juu kaskazini, mgongoni ina vilima vya Narayama, magharibi kuna safu ya Ikoma, mashariki milima ya Kasuga, na kusini bonde liko wazi linateremka taratibu. Mito ya Saho na Akishino wakainyoosha ifuate mistari ya mitaa. Mji ukapimwa kwa miraba kama Chang'an ya China, mashariki hadi magharibi kilomita 4 na ushee, kaskazini hadi kusini karibu 5, na barabara kuu ya Suzaku katikati ikiwa na upana wa zaidi ya mita 70. Soko moja mashariki, jingine magharibi.

Lakini mto mkubwa wa kubeba mizigo hapakuwepo, na hili watu hawalisemi sana. Mto wa maana ni Kizu, na Kizu uko ng'ambo ya vile vilima vya kaskazini. Magogo ya kujengea mahekalu yalielea mtoni mpaka bandari ya Kizu, halafu yakaburutwa kupandisha vilima mpaka mjini. Fikiria mji wa makumi ya maelfu ya watu unalishwa na kujengwa hivyo. Mfalme Kanmu alipohama mwaka 784 akaenda Nagaoka, na 794 akaenda Heian ambayo ndiyo Kyoto ya leo, sababu za kisiasa zilikuwepo, watu wanataja nguvu za mahekalu, ila tazama ramani uone alikwenda wapi: karibu na mahali mito mikubwa inapokutana.

Na hata hiyo miaka 74 haikuwa ya utulivu. Ndui ya mwaka 735 hadi 737 ilipita ikaua watu wasiohesabika, ndugu wanne wa ukoo wa Fujiwara waliokuwa wameshika serikali wote wakafa mwaka 737. Mfalme Shomu mwaka 740 akahama, akaenda Kuni, akaenda Shigaraki, akaenda Naniwa, mwaka 745 akarudi Heijo. Alipokwenda Kuni aling'oa ukumbi wa Daigokuden akausafirisha, ndo maana pale uwanjani leo kuna Daigokuden mbili, ule wa kwanza mlioujenga upya na wa pili ambao ni jukwaa la udongo tu upande wa mashariki. Mimi huwa naenda kukaa kwenye lile jukwaa. Hakuna ukuta, hakuna paa, unaona zilipokuwa nguzo, unageuka kusini unaona bonde lote, na hapo unaelewa kwa macho yako kwa nini ikulu iliwekwa pale. Kwa heshima zote Mheshimiwa, lile jukwaa limenifundisha kuliko jengo jipya lenye rangi.

Mfalme alipoondoka mji ulirudi kuwa shamba. Kumbukumbu rasmi ya mwaka 864 inasema barabara za mji zimegeuka mashamba. Na majaruba ya mpunga ndiyo yaliyouokoa mji. Mkulima hakuchimba misingi ya maghorofa, mipaka ya majaruba ikafuata mistari ya mitaa ya kale kiasi kwamba karne nyingi baadaye unaweza kuusoma mji kwenye mashamba, na juu ya yote udongo ukabaki umeloa mwaka baada ya mwaka.

Huo unyevu ndo moyo wa barua hii. Mwaka 1961 wachimbaji walipata pale ikulu vibao vya mbao vyenye maandishi ya wino, mokkan, vya kwanza kupatikana Heijo. Mbao ya miaka 1200 inatakiwa iwe imeoza zamani, lakini ndani ya tope lililojaa maji hewa haifiki, vijidudu vya kuozesha vinashindwa, kibao kinabaki na wino wake. Na ni vitu vya kawaida kabisa! Lebo ya mzigo wa chumvi au mwani kutoka jimbo fulani kama kodi. Kumbukumbu za makarani, ambao wakimaliza kukitumia kibao wanakikwangua kwa kisu waandike tena, na yale maganda ya kukwangua nayo yamepatikana yana herufi. Kwenye makazi ya mwanamfalme Nagaya, yaliyofukuliwa kati ya 1986 na 1989, vilipatikana vibao kama 35,000, vinataja barafu iliyohifadhiwa milimani Tsuge, vinataja maziwa, vinataja mpaka chakula cha mbwa wa nyumba ile. Na kipo kibao cha mwaka 765 ambacho wataalamu wa Nabunken, taasisi ya utafiti wa mambo ya kale ya Nara, walikisoma kwa kamera ya infraredi wakatangaza mwaka 2016 kwamba kina jina la mtumishi wa chuo cha serikali ambaye ni Mwajemi. Mwajemi Nara, karne ya 8! Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tuliokua tukisikia habari za Waajemi na majahazi, hiki kibao kinatugusa.

Sasa Mheshimiwa, pale kwa mwanamfalme Nagaya mnajua kilichotokea. Palikuwa panajengwa duka kubwa la ghorofa. Duka likajengwa hivyohivyo juu yake. Duka lenyewe likafungwa mwaka 2000, likaja jingine, nalo likafungwa 2017, na makazi yaliyokuwa yamekaa salama ardhini miaka zaidi ya 1200 hayarudi tena.

Ila Nara hiihii inajua pia kukataa. Aliyegundua mahali pa Daigokuden mwishoni mwa karne ya 19 ni Sekino Tadashi, mhandisi wa mkoa, yaani mtumishi wa ofisi unayoiongoza wewe leo. Aliyepigania uwanja uhifadhiwe ni Tanada Kajuro, mtunza bustani, akatumia nguvu na mali yake, akafa 1921, mwaka mmoja tu kabla serikali haijatangaza eneo kuwa la kihistoria. Sanamu yake iko mbele ya geti la Suzaku na mkono ameunyoosha, na wageni wengi wanaipita bila kujua ni nani. Miaka ya 60 mwanzoni kampuni ya reli ilitaka kujenga karakana ya treni upande wa magharibi wa ikulu, wananchi nchi nzima wakapiga kelele, serikali ikanunua ardhi. Baadaye baipasi ya barabara namba 24 ikapangwa kupita mashariki, wakachimba wakakuta ikulu inachomoza upande huo, na bustani ya Toin ikapatikana huko, barabara ikasogezwa. Wangekubali wakati ule leo tungekuwa tunasoma habari za Heijo kwenye vitabu tu.

Hatari ya sasa haina kelele. Udongo ukishindiliwa mvua haizami. Ukichimba kwa kina jirani na pale, maji ya chini yanashuka. Hakuna kitakachoanguka, hakuna picha ya kupeleka kwenye gazeti, vibao vitaanza tu kuoza huko chini na sisi tunatembea juu, na zaidi ya nusu ya eneo la ikulu bado haijachimbwa. Mwaka 2012 watu walilalamika ule uwanja mbele ya Daigokuden ulipofanywa mgumu, na walikuwa na haki ya kulalamika. Yale matete yenu pale, ambako Agosti jioni mbayuwayu kwa maelfu wanashuka kulala kabla ya kusafiri kusini, yanamea kwa sababu ya maji hayohayo.

Najua hifadhi ni ya kitaifa na Tokyo ina kauli yake. Lakini sehemu yake iko mikononi mwa mkoa na neno la gavana lina uzito. Kwa hiyo naomba vipimo vya maji ya chini ya ardhi viwekwe hadharani, kwenye ubao pale geti la Suzaku na mtandaoni, kila mwezi, kwa lugha ya mtu wa kawaida. Naomba kila mradi mpya ndani na jirani ya eneo uoneshe kwanza hayo maji yatakuwaje. Naomba ramani ya mji wa 710 iwekwe stesheni ya Saidaiji na ya Kintetsu Nara, kubwa, yenye alama ya "uko hapa", ili mgeni ajue amesimama mtaa gani wa mji ule. Na waambieni wageni kwamba ukumbi wa mihadhara wa Toshodaiji ulikuwa jengo la ikulu, likahamishiwa kwenye hekalu la yule mtawa Ganjin kutoka China, na ndilo jengo pekee la ikulu ya Heijo lililobaki limesimama. Ni mwendo mfupi wa treni kutoka Saidaiji, na siku nilizokwenda nimekuta watu wa kuhesabu.

Nitafurahi kupata jibu, hata fupi, hata kwa Kijapani.

Wako kwa heshima,
Mtanzania mkazi wa Osaka