Risala ya Kikundi cha Uchapaji kwa Mgeni Rasmi katika Uzinduzi wa Kijitabu cha Mazoezi ya Hisabati na Fizikia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Wajumbe wa Bodi ya Shule,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kutuzindulia kijitabu. Karibu sana shuleni kwetu.

Sisi ni wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, chini ya mwalimu mlezi wa somo la Hisabati. Kazi yetu ni kupanga kurasa: mazoezi, mitihani ya majaribio, hata ratiba ya sherehe hii. Maswali ya kijitabu ulichonacho mkononi yametungwa na walimu. Sisi tumekipanga kuanzia jalada hadi ukurasa wa majibu. Tunaomba ukifungue popote wakati tunasoma, kwa sababu tutakayoyasema yamo humo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, programu tunayoitumia inaitwa LaTeX. Msingi wake ni TeX, iliyobuniwa na Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Mwaka 1977 aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la kitabu chake, zilizopangwa kwa mitambo mipya ya wakati ule, akachukizwa na sura yake. Akaamua kuandika programu ya kupanga kurasa yeye mwenyewe. Miaka ya 1980 Leslie Lamport akajenga LaTeX juu ya kazi hiyo ili iwe rahisi kwa watu wa kawaida. Vyote viwili ni bure mpaka leo. Neno bure tunalisema kwa sauti mbele ya wazazi, maana tumesikia minong'ono kwamba kikundi hiki kinakula ada.

LaTeX ikiwa peke yake hupanga milinganyo vizuri mno, lakini pambizo zake ni pana kana kwamba karatasi haina bei. Hapo ndipo vinapoingia vifurushi vya nyongeza, yaani programu ndogondogo zinazoipa LaTeX uwezo ambao haikuzaliwa nao. Watu wa kujitolea duniani wameandika maelfu ya vifurushi hivyo, na tangu mwaka 1992 vinahifadhiwa kwenye ghala moja la mtandaoni liitwalo CTAN, mtu achukue anachotaka.

Kijitabu chetu kina ukubwa wa A5, milimita 148 kwa 210, ambayo ni karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati. Kwa kifurushi cha geometry tulitaja kila pambizo kwa milimita, tukaongeza nafasi upande wa ndani panapopigwa pini ili maneno yasimezwe na mkunjo. Tuliombwa tuzibane pambizo zaidi, tuokoe karatasi. Tulikataa, na mhasibu atusamehe. Mstari ukizidi sana herufi 60 au 70, jicho hupotea linaporudi kushoto kutafuta mstari unaofuata, na mwanafunzi anayesoma kwa taa usiku hahitaji shida hiyo juu ya shida ya swali lenyewe.

Majedwali tumeyapanga kwa booktabs. Kifurushi hiki kinashauri mistari yote ya wima iondolewe, ibaki michache ya mlalo: mmoja mnene juu, mwembamba chini ya vichwa vya safu, na mwingine mnene mwishoni. Mwalimu mmoja alipoona nakala ya kwanza aliuliza kama printa imeishiwa wino. Tunadhani sasa ameyazoea.

Namba za kurasa na vichwa vya mada juu ya kila ukurasa ni kazi ya fancyhdr.

Kifurushi tunachokipenda kuliko vyote, Mheshimiwa, ni microtype, na ajabu yake ni kwamba kikifanya kazi vizuri hakuna anayekigundua. Kinafanya mambo mawili. Kwanza, nukta, mkato na kistari vikiangukia ukingoni, kinavisogeza nje kidogo, kwa sababu ni vidogo na vingeacha pengo linalofanya ukingo uonekane umeliwa. Pili, kinatanua au kubana upana wa herufi kwa kiasi kisichozidi asilimia 2, ili nafasi kati ya maneno zilingane. Uwezo huo uliingizwa kwenye pdfTeX, yaani toleo la TeX linalotoa faili za PDF, na Hàn Thế Thành, kijana kutoka Vietnam aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Masaryk mjini Brno, Jamhuri ya Czech. Jambo hilo limetutia moyo sana: alikuwa mwanafunzi, na hakutoka katika nchi tajiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na vifurushi vyote hivyo, kuna jambo moja linalotushinda, nalo ni Kiswahili chetu. TeX haipangi mstari mmoja mmoja; hutazama aya nzima, ikapima mahali pote panapoweza kukatwa, ndipo ikachagua mpangilio wenye kasoro ndogo kuliko mingine. Ili iweze kuchagua lazima iruhusiwe kukata maneno, na maneno yetu ni marefu. Chukua "hawakutushirikisha". Ukikataza lisikatwe, ama mstari unabaki na mianya, ama neno linachomoza nje ya pambizo. Ukiiachia programu ikate kwa kanuni za Kiingereza, inaweza kutenganisha n na d katika "wanapendana", jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili hawezi kulivumilia.

Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo kazi ingeonekana nyepesi. Lakini wapo akina "daktari" na "labda", ipo m ya "mtu" isiyofaa kuachwa peke yake mwisho wa mstari, na ipo ng' yenye alama yake katikati. Kifurushi cha babel, kinachoipa LaTeX kanuni za lugha mbalimbali, kinakitambua Kiswahili, ila katika kompyuta zetu hatukupata kanuni za kukata maneno yake. Kwa hiyo tunaandika orodha kwa mkono, kila neno na mahali pa kukatwa. Orodha hiyo haina mwisho: tukishaliweka "hawakutushirikisha", kesho linakuja "hatukuwashirikisha", na kitenzi ni kile kile. Njia ya kudumu ipo. Mwaka 1983 Frank Liang, akiwa mwanafunzi wa Knuth, alionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutengeneza kanuni hizo yenyewe ikipewa orodha kubwa ya maneno yaliyokwisha kugawanywa vizuri.

Hivyo ombi letu la kwanza si la fedha. Tunaomba utuunganishe na wataalamu wa Baraza la Kiswahili la Taifa au wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watusaidie kupata na kuhakiki orodha hiyo. Sisi tuko tayari kufanya kazi ya kuiandaa wakati wa likizo.

La pili ni la fedha. Tunaomba printa inayochapa pande zote mbili, kwa kuwa sasa karatasi tunazigeuza kwa mkono na zikikwama tunaanza upya. Vilevile, kupakua programu kamili na vifurushi vyake ni gigabaiti kadhaa, na mtandao wa shule hauwezi kubeba mzigo huo. Diski moja ya nje ingetutosha sisi na shule jirani zilizokwisha kutuomba nakala.

Kwa Mkuu wa Shule tunaomba maabara ya kompyuta ifunguliwe Jumamosi alasiri.

Nakala za kijitabu ziko kwenye meza iliyo karibu na mlango, na bei imeandikwa jaladani. Baada ya risala hii, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba ukizindue rasmi.

Naomba kuwasilisha.