Barua kwa Zuhura: Dawa Iliyouzwa kwa Dola Moja

Minneapolis, Minnesota
9 Februari 2025

Mpendwa Zuhura,

Nakusalimu kutoka huku kwenye theluji, nikitumaini mama na watoto wote hawajambo. Barua yako uliimalizia kwa swali ambalo limenikaa moyoni: inakuwaje mtu afanye kazi kila siku katika nchi tajiri kiasi hiki, halafu akose pesa ya insulini? Kwa kuwa wewe ni muuguzi, nitakujibu kwa dawa hiyohiyo.

Mwaka 2019, katika nyumba ya kutunzia wazee nilikokuwa nikifanya zamu za usiku, nilikuwa na mwenzangu mwenye kisukari tangu utotoni. Usiku mmoja nilimkuta jikoni ameinua kichupa kwenye mwanga wa taa, akipima kwa jicho dawa iliyobaki na kuhesabu siku za kufikia mshahara. Akavuta nusu ya dozi yake, akajidunga tumboni, akarudi kuwageuza wazee vitandani. Bima alikuwa nayo, ila haikuanza kulipa mpaka yeye kwanza atoe mfukoni maelfu ya dola kila mwaka. Usiku kucha nilikuwa nikipita kumchungulia yeye zaidi kuliko wagonjwa wetu.

Na insulini si dawa ya jana, Zuhura. Iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na miaka miwili baadaye wenye hataza, yaani haki ya kisheria ya ugunduzi huo, waliiuza haki hiyo kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, kwa sababu hawakutaka mtu aihodhi. Leo kampuni tatu, Eli Lilly, Novo Nordisk na Sanofi, ndizo zilizoshika karibu soko lote. Humalog, insulini ya Eli Lilly, ilipoingia madukani mwaka 1996, kichupa kiliuzwa dola 21; kufikia 2019 bei yake ilikuwa kama dola 275, na dawa iliyomo ni ileile. Kampuni hujitetea kwamba fedha nyingi huishia kwa madalali wanaosimama kati yao na bima, ambao hudai warudishiwe sehemu kubwa ya bei ndipo dawa iingizwe kwenye orodha ya zinazolipiwa. Madalali hao wapo, na wanakula kweli. Lakini asiye na bima hutozwa bei iliyopangwa, na anayeipanga ni kampuni.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba uroho huu umetengenezewa njia ndani ya sheria zenyewe. Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalipia wazee dawa kupitia Medicare, ambayo ni bima ya serikali, na humohumo likaizuia serikali kujadiliana bei na watengenezaji. Mnunuzi mkubwa kuliko wote akanyimwa haki ya kuomba apunguziwe, haki ambayo wewe unaitumia kila ukienda sokoni kununua fungu la nyanya! Mbunge Billy Tauzin, aliyekuwa mstari wa mbele kuisukuma sheria hiyo, aliondoka bungeni mapema mwaka 2005 akaenda kuongoza PhRMA, chama cha watengenezaji dawa. Zuio hilo halikulegezwa mpaka 2022, kwa sheria ambayo pia iliwawekea wazee wa Medicare kikomo cha dola 35 kwa mwezi kwa insulini. Ilipopendekezwa kwamba kikomo hicho kiwafikie na wenye bima za binafsi, maseneta 57 waliunga mkono na 43 wakapinga, lakini kanuni zilidai kura 60, kwa hiyo kikaondolewa. Mwenzangu hajafika hata miaka 40. Nafuu ile ilimpita kando.

Mwaka uliofuata Eli Lilly walitangaza kushusha bei ya insulini zao kuu kwa asilimia 70. Nilifurahi, kisha nikashikwa na hasira ambayo haijaniisha mpaka leo, kwa sababu kampuni haikufilisika. Ina maana bei ile ingeweza kushuka hata usiku ule alipokuwa amesimama chini ya taa ya jikoni.

Bado tunawasiliana. Macho yake yameanza kumsumbua, na mimi siwezi kumuuliza kama ni matokeo ya zile nusu dozi. Wewe uliyewahudumia wagonjwa wa kisukari miaka mingi, niandikie: mtu aliyejinyima hivyo kwa muda mrefu, macho yake huweza kuokolewa?

Wako akupendaye,
Mwanaidi